Kukagua vipimo vya kituo cha hali ya hewa Mombasa: mwongozo kamili kwa shule na nyumbani

Mwenye kituo cha hali ya hewa, kiwe kile cha mbao nyeupe kwenye kiwanja cha shule au cha kidijitali kilichofungwa juu ya dari la nyumba, ana kazi mbili. Ya kwanza ni kusoma vipimo, nayo hufanywa kila siku. Ya pili ni kuhakikisha kwamba vipimo hivyo ni vya kweli, na hii husahauliwa mpaka siku skrini inapoonyesha unyevu asilimia 100 saa nane mchana, jua likiwaka na nguo kwenye kamba zimekauka kau.

Wengi wakishatilia shaka kifaa, hununua cha pili cha bei nafuu, wakaviweka pamoja, vikitofautiana wakaamini kile kipya. Huenda vyote viwili vinadanganya. Cha kufanya ni kukilinganisha kifaa na kitu ambacho maumbile yenyewe yamekiwekea kipimo. Barafu safi inayoyeyuka iko kwenye 0. Gramu moja ya maji ni mililita moja. Chumvi iliyoloa hushikilia hewa iliyofungiwa nayo kwenye unyevu wa asilimia 75. Jua la mchana hupita kwenye mstari wa kaskazini na kusini. Vyote hivyo utavipata Mombasa bila kuagiza kitu ng'ambo.

Maelekezo mengi ya kazi hii yameandikwa kwa ajili ya nchi za baridi. Huko mkaguzi hushughulika na theluji iliyoziba kipimamvua, vikombe vya upepo vilivyogandishwa na barafu, hita za kuyeyusha yote mawili, na zebaki ambayo yenyewe huganda ikifika nyuzi 38.8 chini ya sifuri, ndiyo maana vipimajoto vyao vya kupima baridi hutiwa spiriti. Sifuri kwao ni mpaka kati ya mvua na theluji, kwa hiyo kosa la nusu digrii hapo ni kubwa. Hata Kenya kuna pahali maelekezo hayo yanafaa: kituo cha Mlima Kenya kiko mita 3,678 juu ya usawa wa bahari. Maadui wetu wa pwani ni wengine, yaani chumvi ya bahari, jua la utosini, kuvu, sisimizi, mijusi na kunguru. Lakini tunaazima mambo mawili kwao: bakuli la barafu, na desturi ya kukagua kabla ya msimu kuingia. Wao hukagua kabla ya majira ya baridi. Sisi tukague mwishoni mwa Februari, masika hayajaanza, na tena mwishoni mwa Septemba kabla ya vuli.

Vya kutayarisha

Tafuta themosi ya mdomo mpana, kipimajoto cha kidijitali cha homa kutoka duka la dawa, mizani ya jikoni inayosoma gramu, sirinji kubwa isiyo na sindano, chumvi ya meza, kopo la plastiki lenye kifuniko kinachobana, feni ndogo, rula, na daftari. Kwa fundi wa ujenzi azima pimamaji na timazi. Maji yawe ya chupa au ya mvua uliyoyakinga mwenyewe. Maji ya visima vyetu vingi vya kisiwani yana chumvi, na chumvi itaharibu karibu kila jaribio lililo hapa chini.

Andika kwanza, ndipo usafishe

Mafundi wa vipimo wana kanuni moja ambayo watu wa nyumbani huiruka: kabla hujagusa chochote, andika kifaa kinasoma nini kikiwa katika hali uliyokikuta. Ukisafisha kwanza, hutajua kamwe data yako ya miezi iliyopita ilikuwa na kosa kiasi gani. Fanya jaribio la haraka kifaa kikiwa kichafu, andika, kisha osha, kisha fanya jaribio kamili.

Fungua mlango wa kibanda cha mbao kinachokinga vipimajoto, polepole. Mara nyingi mjusi kafiri atakurupuka kutoka nyuma ya kipimajoto, na utakuta kinyesi chake kimeganda kwenye ubao, cheusi chenye ncha nyeupe. Pitisha kidole kwenye vibao vya ubavuni, kisha ukionje. Kikiwa na ladha ya chumvi, na karibu na Nyali au Mji wa Kale kitakuwa nayo, osha kibanda chote kwa maji baridi na kitambaa. Usitumie sabuni yenye manukato karibu na kihisi cha unyevu. Rangi ikishachakaa, paka nyeupe inayong'aa upya, kwani ubao uliofifia hunyonya joto na kipimajoto kitasoma juu mchana kutwa.

Kibanda hiki kilibuniwa na Thomas Stevenson, mhandisi Mskoti wa minara ya taa. Vitabu vyake vya matumizi husema mlango uelekee kaskazini huko kwao, na kusini kwa walio kusini mwa ikweta. Mombasa, tukiwa digrii 4 kusini, kanuni hiyo haitoshi. Kuanzia kama Machi 10 hadi mapema Oktoba jua la mchana liko upande wetu wa kaskazini, na miezi iliyobaki liko kusini. Ndiyo maana vituo vingi vya tropiki huwekewa milango miwili, ukafungua ule usiopigwa na jua. Kama una mmoja tu, simama ukikinge kipimajoto kwa kivuli chako na usome upesi.

Kipimajoto

Hapa ndipo pa kutumia muda wako mwingi, kwa sababu unyevu na hata umande hukokotolewa kutokana na joto.

Gandisha maji ya chupa kwenye friji ya nyumbani. Barafu za pakiti zinazouzwa mitaani zinafaa kupoza sharubati, lakini hujui maji yake yametoka kisima gani. Gramu moja ya chumvi katika lita moja ya maji hushusha nukta ya kuganda kwa takriban digrii 0.06. Maji ya bahari yenyewe huganda kwenye nyuzi 1.9 hivi chini ya sifuri. Kwa hiyo barafu ya maji ya kisima chenye gramu 5 za chumvi kwa lita itakupotosha kwa digrii 0.3, na utakilaumu kipimajoto kisicho na hatia.

Funga barafu kwenye kitambaa safi, uiponde kwa mchi mpaka vipande viwe vidogo kama punje za mahindi. Jaza themosi hadi juu. Mimina maji baridi safi yajaze nafasi zilizo kati ya vipande, kisha mwaga yaliyozidi. Barafu ishuke hadi chini ya themosi. Ikiwa inaelea tu, maji ya chini yanaweza kuwa na joto la digrii 4 nawe ukadhani ni 0. Zamisha tunguu la kipimajoto katikati, lisiguse ukuta, koroga taratibu, subiri dakika 10. Soma jicho likiwa sawa kabisa na uzi wa spiriti, si juu wala chini yake. Toa, rudisha, soma tena. Ukipata 0.4 kila mara, kosa lako kwenye sifuri ni +0.4.

Nukta moja haitoshi. Kipimajoto kinaweza kuwa sahihi kwenye barafu na kikakosea kwenye 30, na Mombasa tunaishi kwenye 30. Hapa ndipo kipimajoto cha homa kinapokuwa na faida isiyotarajiwa: kimetengenezwa kiwe sahihi hadi sehemu ya kumi ya digrii kati ya nyuzi 35 na 42, na hakuna kifaa kingine cha bei hiyo kinachokikaribia. Tia themosi maji ya kama nyuzi 38. Funga vipimajoto vyote viwili kwa uzi, ncha kwa ncha, uvizamishe pamoja ukikoroga bila kuacha. Cha homa hushikilia namba ya juu kabisa iliyofikiwa, kwa hiyo kizime na kukiwasha upya kwa kila usomaji maji yanapopoa. Andika jozi tatu nne za namba kati ya 38 na 35.

Sema kwenye barafu ulipata 0.4, na pale cha homa kiliposema 37.0 chako kilisema 37.6. Makosa ni +0.4 chini na +0.6 juu. Basi kwenye 30 kosa ni kama +0.56, yaani chako kikisema 30.6 hewa ina 30. Ndiyo hesabu yote.

Kihisi cha kidijitali kilichounganishwa na cha unyevu hakizamishwi majini, utakiua. Kwake fanya hivi: tundika kipimajoto ulichokwisha kukikagua kandokando yake usiku au siku ya mawingu, washa feni ivipulizie vyote viwili, subiri nusu saa, linganisha.

Shule nyingi zina kile kipimajoto cha umbo la U kinachoonyesha joto la juu na la chini la siku, kiitwacho kipimajoto cha Six. Jaribio lake halihitaji hata barafu. Vuta vipini, vile vijichuma vidogo vilivyo ndani ya mrija, kwa sumaku mpaka viguse uzi pande zote mbili: kushoto na kulia lazima vionyeshe joto lile lile la sasa hivi. Vikipishana kwa digrii moja au mbili, kadi ya namba imesogea au uzi umekatika. Uzi wa spiriti uliokatika huonekana kama kipovu katikati. Shika kipimajoto wima, gongagonga sehemu yake ya chini taratibu kwenye kiganja mpaka vipande viungane. Kama ndani mna zebaki, usikigonge. Mkataba wa Minamata ulikusudia vya zebaki viache kutengenezwa na kuuzwa nje kufikia 2020, lakini kabatini mwa maabara za shule bado vimo. Kikivunjika, wanafunzi watoke, madirisha yafunguliwe, na asiguse mtu kwa mkono.

Bado kuna kosa ambalo barafu haiwezi kulifichua, la jua. Siku ya jua kali, kama saa saba mchana, soma joto. Kisha elekeza feni kwenye kikinga cha kihisi kwa dakika 10 usome tena. Kikishuka kwa zaidi ya nusu digrii, kikinga chako hakipitishi hewa ya kutosha au kimewekwa pabaya. Pabaya penyewe Mombasa ni juu ya mabati, karibu na ukuta wa saruji unaoelekea magharibi, au juu ya dari bapa linaloiva kama chungu kwenye tanuri. Pazuri ni juu ya nyasi, kihisi kikiwa kati ya mita 1.25 na 2 kutoka ardhini.

Unyevu wa hewa

Vihisi vya unyevu huzeeka upesi pwani. Chembe za chumvi hukaa juu ya kihisi na kuvuta maji, kikawa kinasoma juu hata hewa ikikauka.

Tia vijiko vitatu vya chumvi ya meza kwenye kifuniko kidogo, nyunyizia maji matone machache mpaka ifanane na mchanga wa bichi maji yanapojitenga: imeloa, lakini chumvi haijayeyuka yote na hakuna dimbwi. Tumia chumvi iliyosafishwa. Ile ya mawe inayolowa yenyewe kwenye mkebe wakati wa mvua ina magnesi ndani, na itakupa namba nyingine. Weka kifuniko hicho na kihisi ndani ya kopo, visigusane, funga kabisa, weka kabatini mbali na dirisha na friji. Acha usiku kucha. Asubuhi kihisi kinapaswa kusoma 75, na kati ya nyuzi 25 na 35 namba hiyo haibadiliki kwa kiasi cha kukusumbua.

La kuogopa ni joto kubadilika ndani ya kopo. Chumvi ikiwa na joto tofauti na kihisi kwa digrii moja tu, kosa linakuwa asilimia 4 au 5. Kwa hiyo usilifungue kopo kuchungulia wala usilishike kwa muda mrefu. Ikiwa kihisi kinapishana na 75 kwa hadi 3, hicho ni kizima. Kati ya 3 na 8, andika kosa urekebishe kwenye hesabu. Zaidi ya hapo, nunua kingine, maana kihisi kilichokosea kiasi hicho kitaendelea kupotoka.

Wenye vipimajoto viwili, kikavu na cha utambi (ambacho tunguu lake limefunikwa utambi uliolowa maji), wana njia nyingine. Badilisha utambi wa pamba, mpya uchemshwe kwanza, na tumia maji yasiyo na chumvi tu. Utambi uliokauka chumvi huyavuta maji kwa shida, kipimajoto chake husoma juu kuliko inavyostahili, nawe unapata unyevu uliozidi. Pepea vizuri kabla ya kusoma. Ukipata 30 kikavu na 26 cha utambi, unyevu ni kama asilimia 73.

Kuna jaribio la akili pia. Joto la umande, yaani joto ambalo hewa ikipoa hadi hapo huanza kudondosha maji, haliwezi kuzidi sana joto la maji ya bahari inakotoka hewa hiyo. Bahari yetu huwa kati ya 25 hivi mwezi wa Agosti na 29 au 30 Machi na Aprili. Skrini ikikwambia nyuzi 32 na unyevu asilimia 95 alasiri, inadai joto la umande ni 31. Hakuna bahari hapa ya kutoa hewa hiyo.

Mgandamizo wa hewa

Kwenye vituo vingi vya nyumbani barometa imo ndani ya skrini ya mezani, si kwenye mlingoti. Hiyo ni bahati, kwa sababu unaweza kuibeba.

Uwanja wa ndege wa Moi hutoa ripoti fupi za hali ya hewa ziitwazo METAR, na mtu yeyote huzisoma kwenye mtandao kwa kutafuta HKMO, herufi za utambulisho wa uwanja huo. Mfano wa umbo lake ni huu: HKMO 081200Z 16012KT 9999 SCT024 30/23 Q1012. Tarehe 8, saa 12:00 ya kimataifa, nasi tunaongeza saa tatu ikawa saa tisa alasiri. Upepo unatoka digrii 160 kwa kasi ya noti 12. Joto 30, umande 23. Mgandamizo uliopelekwa usawa wa bahari ni hektopaskali 1012. Namba hiyo ya mwisho hukatwa, hairaundiwi, kwa hiyo ukweli uko popote kati ya 1012.0 na 1012.9.

Sasa beba skrini yako hadi bichi, kwa mfano Pirates kule Bamburi, ukae karibu na maji. Chagua usomaji wa mgandamizo halisi wa mahali, usio na marekebisho ya mwinuko. Hapo hakuna mwinuko wa kubishania. Ukisimama mita 3 au 4 juu ya maji, utasoma pungufu kwa chini ya nusu hektopaskali. Linganisha na ripoti ya saa hiyo. Ukifanya hivi siku tatu tofauti na kosa likawa lile lile, lirekebishe kwenye mipangilio. Likibadilika ovyo, barometa ni mbovu.

Baada ya hapo rudi nyumbani uingize mwinuko. Kwa hewa yetu ya joto hektopaskali moja ni kama mita 8.7. Panda na skrini kutoka chini hadi ghorofa ya tano, mita 15 hivi, namba ishuke kwa 1.7. Isiposhuka, barometa imekwama.

Usishtuke kuona namba ikipanda na kushuka siku nzima bila mvua. Katika tropiki mgandamizo hupwa na kujaa mara mbili kwa siku, ukiwa juu saa nne asubuhi na saa nne usiku, chini saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, kwa tofauti ya karibu hektopaskali 3. Huo wenyewe ni mtihani: chora grafu ya siku tatu, na kama hauoni vilima hivyo viwili, kifaa hakina ukali wa kutosha.

Mvua

Milimita moja ya mvua ni lita moja kwenye mita moja ya mraba. Mengine yote ni hesabu ya mdomo wa chombo.

Pima kipenyo cha ndani cha mdomo kwa rula, pande mbili, maana vya plastiki huwa mviringo uliobonyea. Kipimamvua cha shule cha mdomo wa milimita 127 kina eneo la sentimita za mraba 126.7. Kwa hiyo milimita 10 za mvua ni mililita 127. Cha kidijitali chenye mdomo wa sentimita 20 kinahitaji mililita 314. Pima maji hayo kwa mizani, mimina, soma.

Kosa la shuleni ninalolichukia kuliko yote ni glasi ya kupimia isiyo ya chombo chake. Ile ya awali ilivunjika, ikaletwa nyingine iliyotengenezewa mdomo tofauti, na tangu hapo mvua yote ya shule ni ya uongo kwa kiwango kile kile, miaka nenda miaka rudi. Jaribio la mililita 127 hulifichua kwa dakika moja.

Cha kidijitali kina kibembea chenye vibakuli viwili, kimoja kikijaa kinapinduka na kuhesabu, kwa kawaida milimita 0.2 kwa kila mpinduko. Ukimwaga maji kwa pupa kitahesabu pungufu, kwa sababu maji yanayoingia kibakuli kikiwa katikati ya kupinduka hayahesabiwi. Toboa kijitundu cha sindano chini ya chupa, itundike juu ya faneli, na acha mililita 314 zidondoke kwa nusu saa, ambayo ni sawa na mvua ya milimita 20 kwa saa. Unatarajia mipinduko 50. Kati ya 48 na 52, hesabu kwamba kiko sawa. Kisha rudia kwa kasi, dakika 6 tu, sawa na milimita 100 kwa saa. Hapo huenda ukapata 45 au 46. Andika upungufu huo, kwa sababu mvua kubwa zetu, kama zile zilizofurisha Mombasa Novemba 2023, huja kwa kasi, na ndizo ambazo watu watakuja kukuuliza.

Kabla ya yote hayo hakikisha kwa pimamaji kwamba mdomo haujainama. Ondoa majani ya mwarobaini kwenye faneli. Angalia nyigu hawajajenga ndani. Kunguru hupenda kutua kwenye ukingo na kuacha alichonacho, basi zungushia waya ulionyooka juu. Kipimamvua kiwe mbali na mnazi au nyumba kwa angalau mara mbili ya urefu wake, na ukisome saa tatu asubuhi kila siku.

Upepo

Anza na mwelekeo. Dira juu ya dari la saruji haiaminiki, kwani nondo zilizomo huivuta. Tumia jua. Tundika timazi mahali pa wazi. Kivuli cha uzi wake wakati jua likiwa katikati ndio mstari wa kaskazini na kusini. Mombasa iko karibu digrii 39.7 mashariki, na saa ya Afrika Mashariki hufuata digrii 45, kwa hiyo jua hufika katikati dakika 21 hivi baada ya saa sita mchana, kisha majira huongeza au kupunguza. Mapema Novemba ni kama saa sita na dakika 5, na katikati ya Februari kama saa sita na dakika 35. Desemba kivuli kitaelekea kaskazini, Juni kitaelekea kusini. Karibu na Machi 10 na mapema Oktoba hakuna kivuli cha maana. Siku hizo chomeka mti wima, weka alama kwenye ncha ya kivuli asubuhi, na tena mchana kitakapokuwa na urefu ule ule. Mstari unaounganisha alama mbili ni mashariki na magharibi.

Geuza mshale kwa mkono uelekee kaskazini, mashariki, kusini na magharibi, ukitazama skrini kila mara. Kumbuka upepo huitwa kwa upande unakotoka. Kifaa kilichofungwa kinyumenyume kitakwambia Julai kwamba kusi linatoka kaskazini, na nahodha yeyote wa Bandari ya Kale atakucheka. Hilo nalo ni jaribio halali. Mwezi wa Julai data yako ya mchana ielemee kusini na kusini-mashariki, Januari ielemee kaskazini-mashariki. Isipokuwa hivyo, kuna ukuta au mnazi unaoupinda upepo, au mshale umelegea.

Vikombe vya kasi huuawa na chumvi kwenye beringi. Siku tulivu vizungushe kwa kidole kisha uachie: visimame polepole, bila kukwaruza wala kusita. Vikisita mahali pale pale kila mara, fungua, osha kwa maji baridi, kausha, na weka tone la mafuta mepesi ikiwa tu mtengenezaji anaruhusu. Kwa kasi yenyewe, tafuta alfajiri isiyo na upepo na barabara iliyonyooka isiyo na magari. Msaidizi ashike kipimaupepo kwenye mti mita moja juu ya paa la gari, dereva ashikilie kilomita 30 kwa saa kwa kipimo cha GPS, si cha dashibodi. Nenda na urudi, uchukue wastani. Ukipata 27, vikombe vinapoteza sehemu ya kumi.

Ukilinganisha na uwanja wa ndege, usitarajie namba sawa. Vipimo rasmi huchukuliwa mita 10 juu, mahali wazi. Noti moja ni kilomita 1.852 kwa saa.

Kihisi cha jua

Futa kioo chake kila wiki, kiweke sawa kwa pimamaji. Mwezi wa Machi anga ikiwa safi saa sita na nusu, kisome wati 1,000 hivi kwa mita ya mraba. Ikiruka juu zaidi kwa dakika chache mawingu meupe yakiwa kando ya jua, hapo hakuna kasoro, mwanga wa mawingu umeongezeka juu ya ule wa jua. Ikiwa inasoma 700 siku safi kabisa, kihisi kimechoka.

Daftari

Kila ukaguzi uandikwe: tarehe, saa, kifaa, ulichokikuta kabla ya kusafisha, ulichokipata baada, na nani alifanya. Usibadilishe namba za zamani kwenye kumbukumbu. Weka marekebisho kwenye safu ya pembeni, ili anayekuja baadaye aone zote mbili. Na usirekebishe vifaa viwili siku moja. Joto likibadilishwa pamoja na unyevu, hutajua lipi lilileta tofauti unayoiona kesho yake.

Kama namba zako zinatakiwa kwa utafiti, bima ya mazao au kesi, jaribio la jikoni halitoshi. Idara ya Hali ya Hewa Kenya, makao yake Dagoretti Corner jijini Nairobi, ndiyo yenye maabara ya vipimo, na kifaa kinachopelekwa huko kifungwe kwenye sanduku gumu, betri zimetolewa, nakala ya kurasa za daftari lako ikiwa ndani.